Nani Atatumia Kompyuta Hii?

Kabla hujauliza, ndiyo, ni mimi. Yule MC mnene wa harusi za Kakamega, anayetangulia bibi harusi ukumbini na watu wakacheka kabla hajafungua mdomo. Obusuma. Jina hilo nilipewa jukwaani enzi tukifanya vichekesho, kwa sababu nilikuwa mviringo na nilishibisha. Kwetu obusuma ni ugali, na mimi nilikuwa ugali wa watu wote. Siku hizi hakuna anayenijua kwa jina jingine. Hata ukinilipa kwa simu, utaona jina la mke wangu, Quinter, maana laini ni yake na mfuko ni wake. Mimi nimeachiwa mdomo na bisibisi.

Bisibisi ni kwa sababu siku ambazo watu hawaoani, mimi hutengeneza kompyuta.

Jioni hiyo nilikuwa natoka mjini na nyama yangu kwenye karatasi, mawazo yote kwenye sufuria. Simu ikalia.

"Obusuma, mwanangu. Mulembe."

"Mulembe, Mama Zilpah. Nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa. Kuja Shirere unipigie ile kompyuta window. Wanafunzi wananisumbua, wanataka kuchapisha makaratasi yao."

Kupiga window, kwa wasiojua, ni kufuta kila kitu kilichomo ndani ya mashine na kuweka mfumo mpya juu yake, kama mtu anayepaka nyumba samadi baada ya msiba. Vitabuni wanasema kusakinisha. Ukimwambia mteja utamsakinishia, atashika mkoba wake.

"Kesho asubuhi, Mama."

"Leo," akasema. "Kabla giza haijashika."

Nilipaswa kuanza kushuku hapo hapo. Shirere imejaa vijana wa chuo waliopanga vyumba, na kila chumba cha pili kina mtoto anayejua kompyuta kuliko mimi. Wangemfanyia kazi hiyo kwa sahani ya chipsi. Kwa nini aniite mimi kutoka mjini?

Lakini mtu akikwambia wewe ndiye unayefaa, humuulizi kwa nini. Nilipanda boda.

Mvua ya Kakamega ina adabu zake. Huja alasiri, hupiga mabati, huenda zake. Siku hiyo ilikuwa imechelewa. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Lurambi, jeusi, halisemi kitu. Mvua ikichelewa huku, ujue inakusanya.

Chumba cha mbele kilikuwa ofisi ya mume wa Mama Zilpah. Alikuwa akiwachapia watu barua na mitihani, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, basi. Hata mimi sikuwahi kumjua kwa jina jingine. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tulisikia ni presha.

Mashine ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Kiti kilikuwa mbele yake.

Na nyuma ya pazia mtoto alikuwa akilia.

Si kulia kwa njaa. Baba wa watoto wanne anajua kilio cha njaa, kilio cha tumbo na kilio cha ujeuri. Hiki kilikuwa kingine. Kilikuwa kinapanda, kinakatika, kinangoja... kisha kinaanza tena. Kama mtu anayebisha mlango akijua mmo ndani.

"Mjukuu?" niliuliza.

"Mtoto wa kijana wangu Eugene. Mama yake ni huyo Mideva. Eugene yuko kazini Eldoret."

"Na jina?"

Mama Zilpah alitazama pazia. "Bado. Wengine hapa wana masomo mingi."

Nilielewa. Kwetu mtoto akilia hivyo, na ameshiba, na kliniki wamesema ni mzima, wazee hawatafuti dawa. Wanatafuta jina. Kuna mtu wa ukoo aliyelala udongoni anataka kuitwa. Nyanya anamshika mtoto na kuwataja wafu mmoja mmoja. Anataja huyu, mtoto analia. Anataja yule, analia. Akitajwa mwenyewe, mtoto ananyamaza. Huyo ndiye. Aliye hai hatajwi kwa mtoto, maana hiyo ni kumwita kaburini. Hata mimi nilipatikana hivyo, na mama yangu alisema walikaribia kumaliza makaburi yote.

Nilifungua kasha la kompyuta kupuliza vumbi.

Harufu ikatoka.

Si vumbi. Si plastiki. Nywele... nywele zilizoungua. Na katikati ya bodi kulikuwa na mstari mweusi, umepita kutoka juu hadi chini kama mzizi.

"Mama, hii ilipatwa na nini?"

"Si unajua stima ya huku."

Bodi ya namna hiyo haiwaki. Hiyo ni takataka. Nilibonyeza tu ili nimwonyeshe kwamba imekufa, nichukue nyama yangu niende.

Ti.

Mlio mmoja, mfupi. Kila fundi anaujua. Ni mashine inayosema: niko sawa, naanza.

"Si nilikwambia," Mama Zilpah akasema, ingawa hakuwa ameniambia kitu. "Na uiweke Kiswahili. Mwenyewe hakupendanga Kizungu kwa mashine."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye mashine."

Nilichomeka flash yangu, nikafuta yaliyokuwamo, mfumo ukaanza kujimimina. Hapo Mideva alitoka nyuma ya pazia na kikombe cha chai. Msichana mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliweka chai, akainama karibu na sikio langu.

"Fundi. Maliza uende."

"Na chai?"

"Kunywa ukienda." Alitazama nyuma. "Na usitaje jina la mtu humu ndani. Saa hii hatutajangi majina."

"Hata langu? Na ndilo linalonilisha!"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sisi tuliofunzwa jukwaani tunajua kuupima ukumbi. Mtu asiyecheka ama hajasikia, ama ana sababu. Mideva alikuwa amesikia.

Tone la kwanza likagonga bati. La pili. Kisha mabati yote yakapiga kelele kwa pamoja.

"Mideva!" Mama Zilpah akaita. "Nguo zako zinalowa. Nipe huyo mtoto, wewe nenda uanue."

Mideva alisimama kidogo. Alinitazama mimi, akamtazama mama mkwe wake. Lakini nepi za mtoto ni nepi za mtoto. Alimtoa mtoto nyuma ya pazia, akamkabidhi, akafungua mlango wa nyuma, akakimbia mvuani.

Mama Zilpah hakurudi na mtoto nyuma ya pazia. Alivuta kigoda, akakaa nyuma ya kiti changu. Nilihisi pumzi ya mtoto huyo mgongoni mwangu.

Radi ikapasua.

Stima ikaenda.

Chumba kikabaki na mwanga wa skrini peke yake. Chini ya meza, lile sanduku la betri wanaloliita UPS, linaloishikilia kompyuta stima ikipotea, likaanza kulia.

Ti...

Na mtoto akalia.

Ti...

Na mtoto akalia. Hawakugongana hata kidogo. Huyu akimaliza, huyu anapokea, kama waimbaji wa kwaya moja.

Skrini ikabadilika. Rangi ya buluu. Maneno meupe:

*Nani atatumia kompyuta hii?*

Na chini yake kisanduku cha kujaza jina.

Sasa nielewe. Chumba ni cheusi. Mvua inapiga. Mashine inalia, mtoto analia, mwanamke yuko kimya nyuma yangu. Mwenye akili angeandika herufi moja aondoke. Mimi nikiogopa, nafanya kazi yangu.

"Mama!" nikapaza sauti, ile ya ukumbini. "Mashine yenu nayo inalia kama mwenzake! Nayo haijapewa jina! Ngoja nyanya yake Obusuma aitafutie!"

Nikaandika, nikatangaza kama ninayeita wazee wa meza kuu: "Lazarus!"

Ti... Mtoto akalia.

"Amekataa! Husseini wa Mumias, salaam aleikum!"

Ti... Mtoto akalia.

"Hataki! Jeruto! Labda babu zenu walikopa mke kwa jirani Wakalenjin!"

Ti...

Nilikuwa nacheka mwenyewe. Nikageuka nione kama Mama Zilpah anacheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameegemea mbele, mdomo wake karibu na bega langu. Alinong'ona taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwigizaji maneno aliyosahau.

"Jaribu Sylvanus."

Nilichukua neno kama ninavyochukua neno lolote la ukumbi. Nikaandika. Nikavuta pumzi ya tumboni.

"SYLVANUS!"

Kimya.

UPS ilinyamaza.

Mtoto alinyamaza.

Hata mvua... nakuapia, hata mvua ilisimama kidogo, kama ukumbi unaongoja mtu aseme tena.

Niliinama chini ya meza. Taa ya UPS ilikuwa imezimika. Betri imekufa kabisa. Nikachungulia dirishani: mtaa mzima giza, hakuna hata taa moja ya stima.

Lakini skrini ilikuwa inawaka.

*Hujambo.*

Ikafifia. Ikaja nyingine.

*Tunakutayarishia kila kitu.*

Mlango wa nyuma ukafunguka kwa kishindo. Mideva alisimama hapo na furushi la nguo, maji yakimtiririka. Hakututazama sisi kwanza. Alisikiliza. Mama aliyezoea kilio akikosa kukisikia, ndipo anapoogopa.

"Nani amelitaja?"

Alimgeukia mama mkwe wake.

"Mama. Ni nani amelitaja?"

"Ni mgeni," Mama Zilpah akasema. Sauti yake ilikuwa laini kama siagi. "Si mimi."

"Nimetaja nini?" nikauliza. "Sylvanus ni nani?"

Mideva alidondosha nguo. "Ni Mwalimu! Ni baba mkwe!" Kisha akashusha sauti, kana kwamba kuna mtu wa tano chumbani. "Walikwambia presha, sivyo? Ni radi, fundi. Ilimpata hapo ulipokaa. Mkono ukiwa kwa hiyo mashine."

Nilisimama. Haraka kuliko mwili wangu unavyoruhusu.

"Mtu wa radi haitwi kwa mtoto," Mideva akasema. "Wazee walisema azikwe na jina lake. Wote wa nyumba hii tulikatazwa kulitaja."

"Yeye si wa nyumba hii," Mama Zilpah akasema.

Hapo nikaelewa kwa nini alitaka mgeni. Sikuelewa yote, lakini hilo nilielewa. Nilimuuliza: "Mama, mbona hukuita vijana wa chuo? Wao pia si wa nyumba hii."

Aliniangalia kama anayemwangalia mjinga. "Hao huandikanga 'admin' wanaenda. Nilitaka mtu wa kulitoa kwa mdomo." Akambembeleza mtoto. "Alikuwa mtu mzuri, Obusuma. Miaka yote ile. Apotee tu kama paka amegongwa kwa barabara?"

Mtoto alikuwa macho wazi. Watoto wa umri huo hutazama dari, hutazama titi, hawatazami kitu. Huyu alikuwa anatazama skrini. Anasoma. Macho yanakwenda kushoto kulia, kushoto kulia.

"Litoe!" Mideva akanishika shati. "Fundi, liondoe hilo jina! Futa!"

Nani angebishana? Nilibonyeza kitufe cha kuzimia, nikakishikilia. Mashine ikikataa kwa adabu, unaishikilia shingo hivyo hadi izime.

*Usizime kompyuta yako.*

Nikashikilia.

Feni ndani ya kasha ikaanza kupungua. Vuu... vu... v...

"Mama!" Mideva akapiga yowe. "Mama, anafanya nini huyo mtoto?"

Mwanga wa skrini ulikuwa unafifia, lakini uso wa mtoto niliuona. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Kifua kilipanda... kikakaa. Hakikushuka.

Niliachia kitufe.

Feni ikarudi. Vuuu.

Kifua kikashuka.

Mideva alimpokonya mtoto, akamkumbatia hadi nikadhani atamvunja. Kisha, bila kunitazama, akasema maneno ambayo sitayasahau.

"Iache. Iache iwake."

Mama Zilpah alikuwa ameshachukua kile kitambaa cha kufuma. Alipangusa skrini polepole, kama anayempangusa mtu jasho.

Nyama yangu niliisahau huko.

Sasa usiniulize kama mtoto ni mzima. Ni mzima. Amenenepa, ameota meno, anatembea. Kliniki wanampenda kwa sababu hawajawahi kumsikia akilia. Wanamdunga sindano, anaiangalia tu sindano, kama mtu mzima anayengoja risiti. Mideva hajawahi kumwita jina lile. Anamwita Baby. Lakini Baby hageuki akiitwa Baby.

Mashine haijawahi kuzimwa. Eugene alileta paneli za jua na betri kubwa kutoka Eldoret. Aliambiwa ni za biashara, na wanafunzi wanakuja kweli, wanachapisha, wanaenda. Kazi yangu imebaki moja. Mfumo wowote hukaa ukidai masasisho, yaani marekebisho mapya kutoka kwa waliouunda, kisha unadai uzimwe na kuwashwa upya. Nilifunga kila njia ya masasisho ninayoijua. Nilikata mtandao, waya nikautoa mwenyewe nikauviringisha nikauweka mfukoni. Mashine hiyo haiongei na dunia.

Hata hivyo kisanduku kinatokea.

*Kuna masasisho mapya. Anzisha upya sasa, au Nikumbushe baadaye?*

Mapya kutoka wapi? Sitaki mtu anijibu.

Basi Mideva hunipigia simu. "Fundi, imeuliza." Nami naenda, nabonyeza *baadaye*, nanywa chai kwa haraka, naondoka. Hathubutu kuibonyeza mwenyewe, anasema kidole kinaweza kuteleza. Kwa sababu kompyuta ikizimwa ikarudi, inarudi na jina lililoandikwa. Mtoto je? Nani atarudi?

Kila nikienda, mtoto anasimama kando ya meza ananitazama kazi. Mikono nyuma. Kama mwalimu anayesimamia mtihani.

Juzi nilienda. Kisanduku kilikuwa kimebadilika. Neno *baadaye* halikuwepo tena. Palikuwa na kitufe kimoja tu, *Anzisha upya sasa*. Nilisogeza kisanduku pembeni, nikamwambia Mideva asiguse kitu. Mtoto alikuwa anatabasamu. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akitabasamu. Nimechekesha watu maisha yangu yote, najua tabasamu la mtu anayejua mzaha utaishia wapi.

Na leo jioni nimekaa mlangoni kwangu, wingu liko juu ya Lurambi, jeusi, halisemi kitu. Simu ikalia. Mideva.

"Fundi..." Alikuwa ananong'ona.

"Imeuliza?"

"Haijauliza. Ime... imezima. Yenyewe."

Nilisimama. "Na mtoto?"

Nilisikia mvua kwenye bati la kwao, ilikuwa imeshafika huko. Nilisikia pumzi yake. Kisha nyuma yake, mbali kidogo, nikasikia nilichokuwa nakiogopa miezi yote hii.

Ti.

Mlio mmoja, mfupi.

Na mtoto ambaye hajalia tangu jioni ile, akaanza kulia. Kilio kinapanda, kinakatika, kinangoja... kinaanza tena. Kama mtu anayebisha mlango.

"Ako hai," nikasema. "Mideva, si unasikia, ako hai! Asante Mungu!"

"Fundi, imeandika lile swali."

"Lipi?"

"*Nani atatumia kompyuta hii.* Kisanduku ni kitupu." Sauti ilikatika. "Tumeandika lile la Mwalimu. Imekataa. Tumetaja babu zake wote, wa huku na wa kwetu. Analia tu. Anaanza kuwa baridi, fundi. Midomo yake..."

Jukwaani tulifunzwa kutoogopa ukimya. Unauacha, unauhesabu, kisha unatupa neno. Nilitafuta neno.

Ndipo nikasikia, nyuma ya kilio, sauti laini kama siagi ikimkumbusha Mideva maneno yake.

"Muulize."

Mideva alivuta pumzi. Aliponisemesha tena alikuwa mpole, mpole sana, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Fundi... hivi wewe, jina lako kamili ni nani?"